Keki ya Kona

Mimi sijawahi kumpikia mbwa, na mwaka huu sikuwa na mpango wa kuanza. Kazi yangu ni keki: za harusi, za mahafali, za watoto wanaotaka simba aliyevaa miwani. Nyumba yangu inanukia vanila kuanzia mlangoni mpaka kwenye soksi za mume wangu, na jengo zima wananiita Fundi Krimu. Sasa mtu aje aniambie nimwokee mbwa keki ya bethdei! Tena mbwa ambaye juzi tu ametafuna ndara yangu ya mguu wa kulia, ya kushoto akaiacha nzima ili kunikomoa.

Angekuwa mume wangu aliyeniambia, ningemjibu thubutu na maneno yangeishia hapo. Lakini aliyeniambia alikuwa baba mkwe, na baba mkwe hajibiwi hivyo hata kama ulimi unakuwasha.

Niwaeleze kwanza ni mzee wa namna gani. Miaka yake yote ya nguvu alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, na mpaka leo watu wanamwita Refa. Kipyenga anacho shingoni, anaoga nacho, analala nacho. Kadi ya njano iko mfuko wa shati, imechakaa pembe. Alihamia kwetu baada ya kisukari kumlaza hospitali na kumwachia kidonda kwenye kisigino cha mguu wa kushoto. Mama mkwe alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, kwa hiyo kule kwake hakubaki wa kumtazama. Alikuja na sanduku moja, redio moja, na yule mbwa, Kona.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kabla ya kuondoka aliniketisha kitandani akanishika mikono, nikajua kuna mzigo unakuja.

"Mke wangu, nakuachia baba," akasema. "Sukari asiionje. Chumvi asikie jina tu. Na ale vizuri, maana daktari amesema asipokula kidonda hakifungi, na kisipofunga wanaukata mguu. Niapie."

Nikaapa. Na mimi nikiapa, nimeapa.

Haya, sasa chukua mgonjwa wa kisukari umweke kwenye nyumba ya fundi keki uone. Sukari niliifungia kabatini kwa kufuli, ufunguo nikauning'iniza shingoni, tukawa wawili tunaotembea na vyuma vifuani. Keki za wateja nilizipamba mlango umefungwa, na yeye nje anakohoa ili nijue yupo. Siku moja nilimkuta amesimama karibu na ndoo ya krimu, mikono nyuma, anatazama dari. "Nakagua uwanja," akasema.

Vita vyenyewe hasa vilikuwa vya chakula. Nilimchemshia mboga, nikamvulia kuku ngozi, nikampikia maharage yasiyojua chumvi. Ni kweli mzee wangu amekula chumvi nyingi, na nadhani ndiyo sababu daktari amemkataza iliyobaki. Hata karoti nilimkatia kwa umbo la nyota, zile nyota ninazotengeneza kwa keki za watoto, ili sahani imchangamshe. Naiweka mezani. Anaitazama. Anapuliza kipyenga.

Priii!

"Chakula cha mbwa," anatangaza, na kadi ya njano inapanda juu.

Mimi nanuna, narudi jikoni nikipiga milango ya makabati. Lakini baada ya muda sahani ilikuwa inarudi tupu, safi, inang'aa. Nikajisemea, mwache abwate, mradi anakula. Kilichonishangaza ni kwamba mzee alizidi kukonda, suruali akaanza kuifunga kwa kamba ya viatu, na kidonda kiligoma kabisa kufunga. Wakati huohuo Kona alikuwa ananenepa mpaka anachechemea kwa uzito wake mwenyewe. Mimi na akili zangu zote, sikuunganisha.

Kliniki ya mguu ilibaki wiki mbili. Hapo ndipo wangeamua kukata au kuacha.

Jumatano hiyo nilimkuta sebuleni, mguu wenye bandeji juu ya kigoda, macho kwenye televisheni iliyozimwa.

"Ijumaa ni siku yake ya kuzaliwa," akasema.

"Ya nani, Baba?"

Akashusha kidevu kuonyesha chini. Chini palikuwa na kile kigoda chenye mguu, na kando yake Kona amejimwaga sakafuni, anakoroma.

"Kona?" nikauliza.

Badala ya kunijibu akamkuna mbwa sikio. "Amezeeka," akasema. "Mguu unamsumbua. Meno nayo yameanza kumtoka. Kutwa yuko ndani, hana anayemtembelea. Na tangu marehemu aondoke, hakuna aliyeikumbuka siku yake. Hata kikeki kidogo. Wewe unawaokea keki watu usiowajua majina."

"Baba, lakini ni..."

"Ukimwokea," akanikata, "nitakula chakula chako mpaka siku ya kliniki. Bila kipyenga. Bila kadi."

Wiki mbili za kula bila ugomvi! Kwa bei hiyo ningeiokea keki hata ile ndara iliyotafunwa.

"Anatimiza miaka mingapi?" nikauliza.

"Mingi," akasema, akafungua redio.

Sasa mimi ni fundi, na fundi hapiki kitu asichokijua. Mbwa anakula keki gani? Alhamisi asubuhi nikamfunga Kona kamba nikamteremsha kwa daktari wa mifugo, yule binti mwenye kachumba kake mtaani kati ya fundi simu na muuza vioo. Binti mpole, ana sauti ya chini, hashtuki na lolote. Alimtazama Kona akashtuka.

"Huyu anakula nini?" akauliza.

"Makombo," nikasema.

Tukamnyanyua kwa pamoja kumpandisha kwenye mizani, mmoja mbele mmoja nyuma, na Kona, kwa kutikiswa vile, akatapika sakafuni mwa watu. Aibu ilinishika. Nikainama kufuta, na pale chini, katikati ya mambo mengine, nikaziona. Nyota. Nyota za karoti, moja, mbili, nyingi, nilizokata kwa mkono wangu asubuhi ileile.

"Makombo yenu mazuri," daktari akasema.

Damu ilinichemka, wacheni tu. Kumbe miezi yote hii nahangaika juani sokoni natafuta kuku wa mgonjwa, mgonjwa mwenyewe ni wa miguu minne! Kumbe kile kipyenga kilikuwa kengele ya kumwita mwenzake mezani! Nilitaka kupanda ngazi nikamwage yote. Kisha nikaukumbuka mkataba wetu. Nikaamua nisiseme kitu. Keki ikishaliwa, nitaketi naye mezani nimkodolee macho mpaka kijiko cha mwisho, na Kona nitamfungia bafuni.

"Niambie keki ya mbwa inavyotakiwa kuwa," nikamwambia daktari.

Akanihesabia kwa vidole. Chokoleti hapana, ni sumu kwao. Zabibu hapana, mbichi wala kavu. Kitunguu hapana. Kungumanga hapana. Sukari haina faida, chumvi usiweke, krimu ya mafuta itamharibia tumbo. Kilichoruhusiwa ni unga usiokobolewa, mayai, karoti, boga, mtindi usiotiwa kitu, na siagi ya karanga, mradi iwe karanga tupu.

"Mbona kama chakula cha baba mkwe wangu," nikasema.

"Basi baba mkwe wako anatunzwa vizuri," akasema. Kisha akanishika mkono. "Kuna kitu kimoja hasa. Kinaitwa zailitoli. Ni utamu wa dukani, unawekwa kwenye chingamu zisizo na sukari na kwenye baadhi ya poda za kutia utamu kwenye chai. Mtu hakimdhuru. Mbwa kinamuua, hata kidogo tu. Soma kila kopo kabla hujalifungua."

Ijumaa nikaanza kazi. Refa alijiletea kiti akakaa mlangoni mwa jikoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipyenga mdomoni. Kona akalala katikati ya mlango ili nimruke kila nikipita.

"Weka chokoleti," Refa akaanza.

"Sumu kwa mbwa, Baba."

"Zabibu kavu basi."

"Sumu."

"Kungumanga kidogo, ya harufu tu?"

"Sumu."

Akajikuna kidevu. "Na sukari?"

"Baba!"

"Nauliza kwa niaba yake."

Nikaendelea kukuna karoti, nikakuna kwa hasira mpaka kucha ikakaribia kwenda nayo. Nikavunja mayai, nikapiga, nikatia siagi ya karanga, unga, kijiko cha hamira ya keki. Refa alifuata kila mkono wangu kwa macho.

"Sasa hiyo ni keki au adhabu?" akauliza. "Mtu anangoja mwaka mzima, halafu unamletea tope la karoti?"

"Mbwa hajui utamu, Baba."

"Nani kakwambia hajui?" Sauti ilipanda ghafla. "Anajua sana. Anaukumbuka."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Pazia, jirani yetu anayeshona mapazia, mwanamke anayesikia jambo kabla halijatokea. Eti amekuja kuazima mkasi. Fundi wa mapazia, aazime mkasi kwangu!

"Nimeambiwa unamwokea mbwa keki," akasema, shingo imeshapita mlangoni. "Nikasema haiwezekani, labda wamesikia vibaya."

"Wamesikia vizuri," nikasema. "Jioni uje umwimbie."

Akacheka mpaka akajishika ukuta. Nilipofanikiwa kumfungia mlango na kurudi jikoni, Refa alikuwa amesimama kando ya bakuli langu, ameshika mwiko, anatazama dari.

Mimi nina tabia ya kazi: sipiti kwenye bakuli bila kuchovya kidole. Nikachovya, nikaramba. Tamu.

Mimi sikuwa nimetia kitu chochote kitamu. Nikamtazama Refa. Masharubu yalikuwa na unga mweupe. Nyuma yake, juu ya jokofu, lile kopo lake la poda ya chai, ambalo aliuziwa na mfamasia, lilikuwa limesogezwa na kifuniko kimekaa upande. Nikalivuta, nikaligeuza, nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Neno la daktari, zailitoli, lilikuwa la kwanza.

"Baba!" nikapiga ukelele.

Kwa mshtuko mzee akaachia mwiko. Ukaanguka chini, paa, umejaa rojo ya keki, na Kona, ambaye siku zote ukimwita anakuja kesho, siku hiyo akanyanyuka kama kijana. Nikamrukia. Sijui niliruka vipi, mimi na mwili wangu huu na aproni, lakini nilimfikia wakati ulimi umeshatoka nje, nikamkumbatia shingo, tukabiringika naye mpaka kwenye mtungi wa gesi. Mwiko nikaupiga teke ukaenda chini ya jiko.

"Ameonja?" Refa akauliza. "Nini? Kuna nini?"

Nikampanua Kona mdomo, nikamchungulia meno, fizi, ulimi, kila mahali. Pakavu. Hakuwa ameonja.

Basi nikasimama na mdomo ukafunguka. "Unataka kumuua? Hiyo poda yako ni sumu kwa mbwa! Chembe tu, anakufa! Nimekwambia mara ngapi usitie mkono kwenye bakuli langu? Unamwombea keki, halafu unamtilia sumu!"

Nilitegemea kipyenga. Nilitegemea kadi, tena nyekundu. Mzee alikaa taratibu kwenye kiti, rangi imempotea usoni.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimuue Kona?"

"Ndivyo ungefanya!"

"Sikujua. Nilitaka iwe na utamu kidogo tu. Keki isiyo na utamu ni keki ya nani?" Akajishika magoti, akanyanyuka. "Acha. Usioke tena. Mechi imeahirishwa."

"Na mkataba wetu wa kula?"

"Umeahirishwa nao."

Akaenda chumbani kwake, anajikokota, Kona nyuma yake anajikokota vilevile, na mlango ukafungwa. Mimi nikabaki na bakuli la sumu. Nikalifunga kwenye mifuko miwili, nikalipeleka mwenyewe mpaka pipa la taka la mtaani, nikalisukumia chini kabisa. Nikaosha bakuli mara tatu, nikadeki sakafu, mwiko nikautupa. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Ulafi tu! Nilishaelewa mchezo mzima. Keki ya mbwa ilikuwa chenga, mzee alitaka kula utamu kwa mgongo wa mnyama. Na sasa amesusa, hatakula, kidonda hakitafunga, mguu utakwenda, na mume wangu ataniuliza mimi niliapa nini.

Simu ikaita. Alikuwa yeye huyo mume, yuko njiani, ngurumo za lori nyuma yake. Hakupata hata nafasi ya kuniuliza habari za nyumbani. Nilimmwagia zote: nyota za karoti, keki, poda, mwiko, mtungi wa gesi.

"Subiri kwanza," akasema, anacheka. "Bethdei ya Kona? Yule mbwa baba alimwokota uwanjani, bado kadogo, kaliingia mechi ikiendelea kakakimbilia kwenye kibendera cha kona. Nani anajua alizaliwa lini?"

"Baba yako anajua. Anasema ni leo."

Kicheko kikakatika.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Ah, mke wangu," akasema, na sauti yake sikuizoea. "Leo ni siku ya kuzaliwa ya baba."

Nikakaa chini pale pale, sakafu bado mbichi.

"Mama ndiye aliyekuwa anaishika hiyo tarehe," akaendelea. "Kila mwaka anamwokea keki kwenye sufuria, makaa juu, makaa chini. Halafu ananipigia simu ananiambia, mpongeze baba yako, usimwambie nimekukumbusha. Mwaka jana tulikuwa kwenye msiba wake. Mwaka huu... mimi nimesahau. Wallahi nimesahau."

Mimi nilikuwa nayasikia upya maneno ya Jumatano. Amezeeka. Mguu unamsumbua. Kutwa yuko ndani, hana anayemtembelea. Tangu marehemu aondoke, hakuna aliyeikumbuka siku yake. Na lugha yetu hii nayo! Yeye ni mtu, yeye ni mbwa, yeye ni kuku wa jirani. Mzee aliniambia kila kitu kwa mdomo wake, neno kwa neno, na mimi nikatazama chini nikamwona mbwa. Anajua sana, anaukumbuka. Nililia. Nililia kwa sauti nikiwa nimeshika kitambaa cha kudekia, na mume wangu ananiambia nyamaza huku na yeye anavuta kamasi.

"Umpigie jioni," nikamwambia, nilipokwisha kumwuliza umri wa baba. "Na usimwambie nimekukumbusha."

Nikafunga aproni upya.

Nimeoka keki za harusi za ghorofa tano bila kupima kitu mara mbili. Hiyo siku nilipima kila kitu mara tatu. Nilitaka keki ambayo mbwa ataila akapona, na mgonjwa ataila akapona, na iwe keki, isiwe adhabu. Poda siwezi kutia, sukari siwezi kutia. Nikachukua boga, nikalikata vipande, nikaliacha kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka likakauka maji na kingo zikaanza kuwa kahawia, maana boga ukilivumilia linatoa utamu wake lenyewe. Nikaliponda. Karoti nyingine, mayai mengine, siagi ya karanga tupu niliyosaga mwenyewe ili nisiwe na kopo la kusoma. Unga nikaupunguza, mayai nikayaongeza, mzee asipandishiwe kitu.

Ilipotoka na kupoa, nikaipamba. Njegere nikazichemsha nikazisaga, zikawa nyasi. Mtindi nikauchuja kwenye kitambaa mpaka ukawa mzito, nikautia kwenye mfuko wangu wa kupambia, nikachora mistari: mstari wa kati, duara, boksi mbili za penalti. Kwenye pembe nne nikasimamisha vibendera vya karoti. Mama Pazia alirudi jioni kweli, na mkasi wake mkononi, akautazama ule uwanja akasahau kucheka.

Nikagonga chumbani. "Baba, chakula."

"Sina njaa."

"Kona ana sherehe yake, Baba. Atasherehekea na nani?"

Ukapita muda. Mlango ukafunguliwa, akatoka na shati lake jeusi la uamuzi, lile la kola nyeupe, limepwaya mabegani. Hakunitazama. Akakaa mezani. Nikamwekea sahani yake ya kila siku, kuku, maharage, nyota za karoti, na katikati ya meza nikaiweka keki.

Akaitazama. Akatazama vibendera, kimoja kimoja. Kidole chake kikaenda mpaka karibu na mstari wa kati, kikarudi bila kuugusa.

"Boksi hili limezidi kidogo upande," akasema kwa sauti ndogo.

"Nitarekebisha kipindi cha pili, Baba."

Nikawasha mshumaa mmoja pembeni ya sahani, mbali na pua ya Kona. Mama Pazia, mdomo haumkai, akauliza, "Enhe, anatimiza miaka mingapi?"

Refa akainamia sahani yake.

"Sabini na minne," nikasema.

"Mbwa!" Mama Pazia akapiga makofi. "Mbwa gani anafika sabini na minne?"

"Yeye," nikasema.

Sikuonyesha kwa kidole. Sikushusha kidevu. Nilimtazama baba mkwe wangu usoni, na yeye akainua macho akanitazama, na tukabaki hivyo. Halafu simu yake ikaanza kuita mfukoni, akaitoa, akaona jina la mwanawe, akaipokea. Alisikiliza tu, mkono kwenye paji la uso, anatikisa kichwa kama yule wa upande wa pili anamwona.

Alipoikata, akajifuta macho kwa kola. "Mama yake amemkumbusha," akasema. Kisha akashangaa alichosema, na hakuna aliyemsahihisha.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, macho kodo, kama nilivyopanga. Sikuhitaji. Alikamata uma akaanza na maharage, akaenda kwa kuku, akazichoma zile nyota moja moja. Chini ya meza Kona alikaa mkao wake wa kila siku, kidevu juu, anangoja. Akangoja. Akakohoa kidogo. Akaweka mguu juu ya goti la mzee kumkumbusha. Sahani ikaisha na hakikushuka kitu, na yule mbwa alinigeukia mimi, kana kwamba nimekula haki yake.

"Na yeye mpe," Refa akasema. "Ni siku yake pia."

Nikakata keki. Kona nilimwekea kipande kimoja sakafuni, kikaisha kabla Mama Pazia hajamaliza dua yake. Refa kipande kimoja, kile cha pembeni, chenye kibendera. Akakinusa. Akauma. Akatafuna polepole kwa meno yaliyobaki, macho yamefumba, na mimi nimeshika ukingo wa meza, kwani hakuna mteja aliyewahi kunitia hofu namna ile.

Akafumbua macho. Akakishika kipyenga, akakipeleka mdomoni.

Priii!

"Chakula cha mbwa," akatangaza, makombo kwenye masharubu, machozi yanamshuka bila haya. Akanisogezea sahani. "Niongeze."